Mkeka wa Mama Célestine

Mimi nimepanga balkoni ya Jeannine. Asiyeijua Berea, mtaa wetu wa Johannesburg, ataona ni utani, lakini hapa kwetu balkoni huzibwa kwa mbao na plastiki, hutiwa pazia, na tayari ni chumba cha mtu. Nina cherehani yangu humo, kitanda changu, na ndoo mbili za lenga-lenga, mchicha wa kwetu, ambazo hupata maji hata siku ambazo mwenyewe sijaoga. Ubaya wake ni mmoja tu. Ili nifike kwangu lazima nipite katikati ya chumba cha Jeannine, kwa hiyo mambo ya chumba kile nimeyaona yote, nipende nisipende, na mengi sikuyapenda.

Jeannine ni msusi. Ametoka Uvira nami nimetoka Bujumbura, kwa hiyo tukiwa watoto tulitazama ziwa lile lile, kila mmoja kwa upande wake. Husuka kandokando ya Joubert Park, chini ya mwavuli karibu na robot, pale magari yanaposubiri taa iwe kijani. Anasimama nyuma ya kiti cha plastiki tangu asubuhi. Wateja ni Wazulu, Wazimbabwe, Wakongo, yeyote mwenye kichwa. Wanamwonyesha picha kwenye simu, wanakunywa soda zao, na vidole vyake vinavimba. Jioni anapanda ghorofa saba kwa miguu kwa sababu lifti yetu ilikufa kabla mimi sijahamia, kisha anapika, anamlisha mama yake, anafua, analala. Kama kuna aliyewahi kumwona Jeannine amekaa tu bila kitu mkononi, aje aniambie. Mimi nilikuwa sijamwona.

Alikuwa na mdogo wake, Pitchou. Baba yao alikufa mapema, mama akawa anauza samaki, na Jeannine ndiye aliyembeba Pitchou mgongoni mpaka akatembea. Pitchou alipokua hakutaka Johannesburg. Alisema mji usio na maji yeye haumfai. Akapita njia wanazopita vijana, ambazo hakuzieleza hata siku moja, akaishia Ujerumani, kwenye mji mdogo wa bandari unaoitwa Wittsand, kwenye bahari ya Baltiki. Wazungu huenda huko wakati wa joto kuoga na kuota jua. Pitchou alikuwa anaosha vyombo katika hoteli moja, na alituma picha za mchanga mweupe na meli ndefu kuliko jengo letu. Baadaye simu zikapungua, zikanyamaza. Hatukushtuka, kwani alikuwa na tabia hiyo ya kupotea miezi na kuibuka na salamu kama vile ameondoka jana.

Mwezi wa Novemba ikaingia simu ya mtu anayeitwa Octave. Alijitambulisha kuwa ni Mkongo wa Lubumbashi, alifanya kazi na Pitchou jikoni, na alikuwa amemtafuta Jeannine muda mrefu kwenye Facebook. Pitchou alianguka kazini, moyo ukasimama. Mji ulingoja ndugu wajitokeze, hawakujitokeza, mji ukamzika. "Alizikwa muzuri, dada," Octave alisema. "Kwa heshima."

Jioni ile Mama Célestine, mama yao, aliinama chini ya kitanda, akavuta mkeka wake, akautandika sakafuni.

Niseme wazi maana ya mkeka ule. Kwa kina Mama Célestine, mama aliyefiwa halali kitandani mpaka mwanawe ameingia ardhini na yeye ameona. Akishaona, watu wanaoga, wananyoa, na mama ananyanyuka. Na kama mtoto amezikwa mbali, basi mtu anakwenda kuleta udongo wa kaburi lake, unaletwa mikononi mwa mama, na huo ndio unakuwa mazishi.

"Mimi sikuona kitu," alisema. "Muniletee udongo ya kaburi yake. Siku hiyo nitaamuka."

Chumba kile kina kitanda kimoja. Zamani mama na binti walilala humo wakipeana migongo. Jeannine alitaka kushuka chini pamoja naye, mama akamkatalia. "Wewe unasimama muchana yote. Ulale juu." Basi Jeannine akawa analala juu peke yake, macho dari, na mama chini. Mimi nikitoka kwangu asubuhi naruka miguu ya mwanamke mwenye umri wa mama yangu, naomba samahani, naye ananijibu "Pita, mwanangu," kama vile tumekutana sokoni.

Mchungaji Alexis wa kanisa lao alikuja kumshauri. Akakaa kwenye kiti kimoja kilichopo, akafungua Biblia, akaeleza kwamba desturi hizo ni giza na Mkristo hulia siku zake kisha huinuka. Mama Célestine alimsikiliza mpaka mwisho.

"Pasteri, watoto yako beko hai?"

"Wote, Mama. Watano."

"Asifiwe Bwana. Sasa nenda ukawaangalie."

Nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Lakini baridi ilipoingia kicheko kikaisha. Wanaodhani Afrika yote ni joto waje Johannesburg mwezi wa sita walale juu ya saruji. Tuliweka maboksi chini ya mkeka, tukaongeza mablanketi, nikamshonea soksi za manyoya. Kifua kikamshika. Alikohoa hivi kwamba mimi ng'ambo ya pazia nilikuwa nahesabu pumzi zake badala ya kulala. Nesi wa kliniki alimsikiliza mgongoni, akamvuta Jeannine pembeni, akamwambia kwamba mama huyu akiendelea kulala sakafuni hataiona baridi nyingine, na huenda hata hii asiimalize.

Hapo ndipo Jeannine aliposema atakwenda Wittsand.

Sitaki kueleza habari za viza, zinanichosha hata kuzikumbuka. Walimkataa, akarudi, wakamtaka karatasi nyingine, akarudi. Kanisa lilichanga, wasusi wenzake walichanga. Mimi nilimshonea koti zito lenye bitana, nikijua Ulaya ni barafu. Hakuna aliyeniambia kwamba mwezi wa saba kwao ni kiangazi. Mama Célestine alichukua chupa ya siagi ya karanga iliyokwisha, akaiosha kwa maji ya moto, akaifuta, akaifunga kwenye kitambaa cheupe. Akampa Jeannine pamoja na kijiko.

Na Octave kwenye simu, kila Jeannine alipomuuliza kaburi liko sehemu gani ya mji, alijibu neno lile lile: "Njoo tu, dada. Ukifika tutaongea."

Neno hilo lilipaswa kutushtua. Sisi wote tunajua kwamba habari nzito haisemwi kwenye simu. Mtu anaitwa, anakalishwa chini, anapewa maji, ndipo anaambiwa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, Burundi na Kongo pia. Tungekuwa na akili tungejua kwamba mtu anayesema "ukifika tutaongea" ameshika kitu. Lakini tulikuwa tumechoka, na mtu aliyechoka husikia anachotaka.

Haya ya Wittsand alinisimulia Jeannine mwenyewe.

Octave alimpokea kwenye kituo cha treni. Mtu mwembamba, mpole, mikono imechubuka kwa sabuni. Alimbebea begi, akamnunulia mkate wenye samaki baridi ndani na vitunguu vibichi, akamzungusha. Alimwonyesha mnara wa taa na kivuko kinachopeleka magari ng'ambo, akamwonyesha meli za watalii na watu wanaoshuka humo kama kanisa limetoka. Mji ulikuwa safi, watu wamevaa kaptura, wazee wanalamba aiskrimu njiani bila aibu. Jeannine alipita katikati yao na koti langu, jasho linamtoka, chupa ya karanga kwenye mkoba.

"Octave, kaburi iko wapi?"

"Kesho, dada. Upumuzike kwanza."

Asubuhi yake alimpeleka ufukweni. Mchanga ule ule wa kwenye picha. Kulikuwa na viti vilivyosukwa kama vikapu vikubwa, vyenye paa, vya kukaa watu wawili, vimepangwa safu hadi mbali. Octave alichagua kimoja kilicho wazi, akamwambia akae. Kisha akatoa chupa ya maji, akamimina kwenye kikombe, akampa kwa mikono miwili, na yeye akapiga magoti mchangani mbele yake.

Jeannine aliniambia kwamba hapo hapo, kabla Octave hajafungua kinywa, alielewa. Alikuwa amekalishwa. Alikuwa amepewa maji.

"Dada, kaburi hakuna," Octave alisema. "Baliniita ku biro ya mji, banauliza kama Pitchou alisema anapenda kuzikwa namna gani. Mimi nikakumbuka vile alikuwa anasema wakati ya baridi. 'Octave, nikikufa huku, usiache baniweke mu hii udongo. Mimi mutoto wa ziwa. Banipeleke ku maji.' Alikuwa anacheka, lakini alisema mara mingi. Basi nikabaambia: ku maji. Nilizani batamushusha muzima, na sanduku yake. Sikujua kama banachoma kwanza. Kufika ku meli naona kapiteni anashika kitu kadogo, kama buli ya chai. Nikauliza, Pitchou iko wapi? Kumbe ni ile."

Alianza kulia. Alisema alijaribu kueleza kwenye simu na kinywa kikakataa. Alisema alimuona Jeannine kwenye picha, amefanana na Pitchou, akaogopa zaidi.

Mimi nilipoyasikia haya nilimtukana Octave kwa Kirundi, Kifaransa na Kiswahili. Mwanamke amevuka dunia na chupa na kijiko, mama yake anakohoa sakafuni, na wewe unamlisha samaki! Jeannine alininyamazisha. Alisema kijana yule ndiye pekee aliyekuwa pamoja na Pitchou siku ile kwenye meli, peke yake na kapiteni, na aliimba wimbo wa kanisa kwa sauti mpaka ukaisha. Nikaacha matusi, ingawa hasira haikuisha.

Jeannine hakulia. Aliuliza ni wapi. Octave akanyoosha mkono kuelekea mbali, kupita njia ya meli, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kutazama. Watoto walikuwa wanachimba mashimo karibu nao na vikoleo vya plastiki. Kisha akaja baba mmoja na mke na taulo, akawaonyesha kwa adabu kwamba kile kiti kimekodishwa na wao. Wakainuka. Hata kile kiti cha msiba hawakuruhusiwa kukikalia mpaka mwisho.

Alivua koti, akampa Octave, akaingia baharini na kitenge chake na blauzi yake. Hakuwa na nia mbaya, na aliniapia. "Nilikuwa nimechoka, yaya," alisema, maana ndivyo anavyoniita, dada mkubwa. "Nilitaka tu nifike kidogo karibu naye." Alikwenda mpaka maji yakamfika kiunoni, kisha kifuani. Yalikuwa baridi ya kuumiza mifupa. Akachota kwa kiganja, akaonja, akashangaa, maana chumvi yake ni kidogo sana, karibu kama ya ziwani. Mzee mmoja aliyekuwa anaogelea akamwinulia kidole gumba na kutabasamu, akidhani anafurahia likizo.

Jioni Octave akaleta wazo. "Chukua udongo yoyote, dada. Mama hataona tofauti." Akampeleka makaburini, mahali pazuri kama bustani ya tajiri, maua kila mahali, ndoo za kumwagilia zimetundikwa kwa safu. Jeannine akatafuta kaburi lisilo na maua, akapiga magoti, akachota kwa kijiko pembeni mwake. Udongo mweusi. Akaijaza chupa ya karanga, akaifunga kwenye kitambaa cheupe.

Nilikwenda kumpokea Park Station. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka hospitali. Tulipofika ghorofa ya tano alikaa kwenye ngazi. Alikaa, mikono mitupu, na mimi nikasimama na begi nikimtazama kwa sababu kitu hicho sikuwa nimewahi kukiona. Hapo ndipo aliponieleza yote.

Nilimjibu bila kufikiri, kama kawaida yangu. "Mpe udongo. Anyanyuke aende kitandani. Mengine Mungu atatusamehe baadaye."

"Na akiniuliza?"

"Jibu! Umesuka vichwa vya watu miaka yote, utashindwa kusuka hadithi moja?"

Hakucheka. Tukapanda.

Mama Célestine alikuwa ameketi kwenye mkeka, mgongo ukutani, amejifunga kanga ya kichwa safi. Alikuwa amejua siku. Jeannine alipiga magoti mbele yake, akamtolea chupa. Mama akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka mapajani, akafumba macho. Nikapumua. Nikasema moyoni, imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mama hupokea mtoto wake kwa kuuliza.

"Kaburi iko na musalaba?"

"Iko, Mama."

"Baliandika jina yake muzuri?"

"Muzuri."

"Kichwa yake inaangalia wapi?"

Jeannine alinitazama. Mimi nikatazama lenga-lenga yangu.

"Inaangalia bahari, Mama."

"Haya." Akaipapasa chupa. "Na nani alimuosha?"

Jeannine alifungua kinywa. Nilimwona anatafuta jina, jina lolote, Octave angetosha, na nilikuwa karibu kulitaja mimi. Halikutoka. Mabega yake yakashuka.

"Sijui nani alimuosha, Mama," alisema. "Kaburi hakuna. Balimuchoma na moto, bakamuweka mu bahari. Sikumukuta. Hii udongo si yake."

Huko chini barabarani mtu alikuwa anapiga honi bila kukoma. Mama Célestine alijifunika uso kwa kanga. Kikohozi kikaja, kikapita. Mimi nilisimama kwenye pazia langu nikisema, tumemuua, tumemuua kwa mikono yetu, ningekuwa na ulimi mrefu zaidi ningelitaja lile jina.

Aliposhusha kanga, aliangalia chupa kwanza.

"Sasa hii ni udongo ya nani?"

"Sijui, Mama. Nilichota ku kaburi ya mutu."

"Na ule mutu iko na mama yake." Akanipa mimi. "Gaudiose, usiimwage mu choo. Weka mahali kitu kinaota."

Nikaimwaga kwenye ndoo ya lenga-lenga.

"Maneno ya maji," aliendelea, "alisema yeye mwenyewe?"

Jeannine akamweleza aliyoyasikia kwa Octave, yote, hadi wimbo kwenye meli. Mama alisikiliza akitikisa kichwa taratibu, na mahali pa "mimi mutoto wa ziwa" midomo yake ikacheza.

"Ule mutoto nilimupiga juu ya ile ziwa mpaka fimbo ikavunjika," alisema. "Unamutoa, anarudi. Unamuvalisha nguo ya kanisa, unamukuta mu maji na nguo ya kanisa." Akajifunga upya kanga. "Moto siwezi kuisamehe. Lakini maji aliomba yeye." Kisha akamgeukia Jeannine. "Na wewe? Uliona maji kwa macho, ama uliyashika?"

"Niliingia, Mama. Na nguo zangu. Mpaka hapa."

"Kitenge iko wapi?"

Kilikuwa ndani ya begi, kimekunjwa kibichi kwenye mfuko wa plastiki, hakikuwahi kukauka tangu siku ile. Mama alikifungua mapajani mwake. Kilinuka majani ya baharini, na mchanga mweupe ukadondoka juu ya mkeka. Aliuokota kwa ncha za vidole, punje kwa punje, akaurudisha ndani ya kitenge.

"Sisi tukitoka kuzika," alisema, "hatuingii mu nyumba bila kupita ziwani. Tunaoga kwanza. Wewe ulioga. Mimi ndiye sijaoga."

Maji! Bomba za Berea zilikuwa hazijatoa hata tone tangu Jumapili, na lori la maji lilikuwa linasimama mtaa wa pili. Nilichukua ndoo mbili nikashuka. Nilipanga foleni na majirani, nikagombana na mtu aliyetaka kupita mbele, nikapanda ghorofa saba na ndoo kila mkono, nikamlalamikia Mungu kila ghorofa. Nikapumzika, nikashuka tena. Jua la mchana lilikuwa linaingia dirishani tuliposhusha sufuria ya pili jikoni na kuyachanganya yakawa vuguvugu kwenye beseni. Mama Célestine mwenyewe alikitumbukiza kitenge. Mchanga ukashuka chini ya beseni.

Jeannine alimwogesha mama yake kwa kitenge kile, kuanzia mabegani. Mimi nilishika taulo. Mama alikuwa amekonda kuliko nilivyodhani, mbavu zinahesabika. Alitaja jina la mwanawe mara moja, Pitchou, bila kuinua sauti, akamwambia alale. Kisha Jeannine akachukua wembe. Nimeiona mikono ile ikisuka vichwa vya mabibi harusi na vya wanawake wanaogombea rasta kama wanagombea mume, lakini sijaiona ikienda polepole namna ile. Nywele nyeupe zikaanguka, chache, kwenye gazeti.

Ilipokwisha tulimvalisha, tukamshika huku na huku, akanyanyuka. Magoti yakalia. Hatua kutoka mkekani hadi kitandani ni chache mno, na zilimchukua muda mrefu kama mtu anayevuka barabara ya magari. Akakaa. Akalala. Kitanda kikalalamika kwa ule uzito ambao kilikuwa kimeusahau. Akavuta blanketi mpaka kidevuni, akashusha pumzi ndefu ambayo nadhani aliishikilia tangu Novemba.

Nikafurahi, naapa. Nikainama niukunje mkeka, niutie motoni kama ingewezekana.

"Acha, yaya," Jeannine alisema.

Alivua viatu vyake, akaviweka ukutani. Akakaa juu ya mkeka, pale pale penye alama ya mgongo wa mama yake. Nikadhani anapumzika. Kisha akalala kwa ubavu, uso ukutani, na kilio kikatoka. Kilikuwa kilio kirefu na kizito, cha mtu ambaye hajalia tangu mwaka uliopita, na hakuwa anajaribu kukizuia.

Ndipo nilipoona tulivyokuwa wajinga sisi wote. Kila aliyekuja kutoa pole, kanisa zima, wasusi, majirani wa ghorofa zote, alimkuta Jeannine mlangoni, akampita, akaenda kuinama mkekani. Nami nilikuwa mmoja wao. Nilimwambia Jeannine nunua dawa ya kifua, nilimwambia mfuate mtu wa viza, nilimwambia gesi imekwisha. Pole sikumwambia. Alikuwa anasuka tu, anasimama, anapanda ngazi, na sisi tukadhani msiba ni wa yule aliyelala chini.

Nilimfunika blanketi langu.

Kesho yake hakwenda kazini. Hakuamka kabisa. Ilipofika saa nne simu yake ikaanza kuita pale kwenye dirisha, ikakatika, ikaita tena. Ni Benita, Mkongo mwenzao wa Bellevue, aliyekuwa anaolewa Jumamosi na aliyepewa nafasi ya kusukwa tangu zamani. Jeannine hakugeuka. Mimi nilikuwa nakuja kutoka balkoni, nimeinua mguu kumruka kama nilivyozoea kumruka mama yake, nikitaka niipokee nidanganye kitu.

Mkono wa Mama Célestine ukatoka chini ya blanketi ukanitangulia.

"Allô? Hapana, ni mama yake." Sauti ilikuwa ya mikwaruzo lakini imekaa sawa. "Hapana, mwanangu. Na kesho pia hapana. Eish, najua ndoa yako ni Jumamosi, Mungu aibariki, utafute mutu mwengine. Jeannine hawezi." Akamtazama binti yake kule chini, kwa muda. "Iko ku mkeka. Ndugu yake amekufa."